Folda ya Mapishi

Kijiwe cha Randoulène kina viti viwili tu: mataruma mawili ya reli yaliyong'olewa njiani baada ya treni ya abiria kuacha kupita, yakalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi kompyuta. Pembeni yake, kila asubuhi, Thierno huegesha mkokoteni wake wa kahawa ya Touba, ile yenye kiungo kinachokwaruza koo ili mnywaji ajue kuwa amekunywa kitu. Mji wa Thiès umejaa vijiwe, lakini hiki kina sifa yake: hapa hakuna swali lililowahi kukosa jibu. Liwe la mvua, liwe la timu ya taifa, liwe la kwa nini kuku wa siku hizi hana ladha, yote yameshajibiwa, mengine mara tatu, na kila mara kwa jibu jipya. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Ndella Faye alifika na swali lake ndani ya mfuko wa kitambaa, akaubana mfuko katikati ya miguu, akaagiza kikombe kimoja bila sukari.

Ndella alikuwa karani wa shule ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwapigia chapa barua wakuu wa shule sita, akawasahihishia wote sarufi pasipo kuwaambia, akastaafu na chuki moja tu iliyokomaa: ya mtu anayejibu kabla hajaelewa swali. Kwa hiyo kuja kuomba msaada kijiweni ilikuwa sawa na mwenye kuogopa mbwa kwenda kubisha hodi kwa mfuga mbwa. Lakini shida haina miiko.

— Ama kweli dunia imekwisha, alisema Stesheni Masta, akisogea kumpa nafasi. — Mtumwa wangu amekuja kunisalimu mwenyewe, hata sijamtuma mtu.

— Mtumwa wako nani? Babu yako aliuzwa kwa babu yangu kwa bakuli la uwele, na hata hivyo tuliona tumelaliwa.

Taruma zima likacheka. Kane na Faye ni watani. Siku wasipotukanana watu huuliza kuna mgonjwa nyumbani. Racine Kane ndiye Stesheni Masta, ingawa katika reli alikuwa mkata tiketi. Kijiwe hutoa vyeo ambavyo serikali hunyima. Ndiyo sababu jirani yake, Gora Thiam, aliitwa Profesa: aliwahi kumshikia mwalimu wa jiografia aliyekwenda kujifungua, muhula mmoja na wiki tatu. Mwalimu alirudi darasani, cheo hakikurudi.

— Haya, shemeji, kilichokuleta? aliuliza Stesheni Masta. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, na haki ya kumwita shemeji aliitumia hata pale isipohitajika.

— Nimekuja kwa Daktari. Folda zangu za barua pepe hazipo.

Aliyeitwa Daktari alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, amevaa lile koti jeupe aliloachiwa na binamu yake wa duka la dawa. Jina lake Bassirou. Alishusha kikombe taratibu, kama mtu aliyekuwa anategemea siku hii.

— Hazijapotea, mama. Hazionekani tu.

— Tofauti yake ni ipi?

— Tofauti yake ni ya kitaalamu.

Hapo ndipo Ndella alipojua kuwa amekwisha.

Wiki iliyopita kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, inaamka adhuhuri. Daktari akashauri apige windo upya, yaani afute mfumo wa zamani aweke mpya. Kabla ya kuanza alimuuliza, hapahapa, mbele ya watu wote hawa na Thierno juu yake: — Mama, kuna kitu cha maana humu tukihamishe kwanza? Ndella akataja picha. Akataja vyeti. — Na barua pepe? Ndella akatazama nyuso zilizomgeukia, masikio yaliyosimama, akasema: — Zilizomo ni za mapishi tu. Daktari akahamisha picha na vyeti, akapiga windo, akairudisha kompyuta inayoamka kama kijana. Ndella alipofungua programu ya barua, akakuta peupe, kama shule siku ya Jumapili.

Kweli folda ile iliitwa Mapishi. Jina alilitunga mwenyewe, maana katika nyumba yenye wana watatu na wakwe wawili hakuna atakayefungua folda ya mapishi. Ndani yake mlikuwa na pishi moja tu, la mchuzi wa karanga, na lenyewe lilikuwa baya. Mengine yote yalikuwa barua za Founé Sissoko wa Kayes, ng'ambo ya mpaka, mke mwenzake, miaka kumi na minne. Na Founé alikuwa amekufa miezi minane iliyopita.

Marehemu Birame alikuwa mlinzi wa treni, Thiès hadi Kayes, Kayes hadi Thiès, akawa na mke kila mwisho wa reli. Mji mzima ulijua kwamba wake hao hawapatani. Watu waliliona hilo siku Founé alipokuja Thiès kwenye akika ya mtoto, wakarushiana maneno stesheni kwa ajili ya sanduku, na Birame alisimulia vita vile juu ya taruma hili hili kwa miaka, akijivuna kama jogoo aliyegombewa. Ambacho Birame hakukijua ni kwamba mwezi uliofuata Founé, aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu katika zahanati, mwenye kompyuta mezani, alituma barua fupi kwa anwani ya shule: "Dada, naomba radhi kwa sanduku. Halafu nikuulize: na kwako pia huwa anasema treni ilikwama Tambacounda?" Ndella alicheka peke yake ofisini mpaka mkuu wa shule akaja kuangalia. Wakaendelea hivyo. Vita wakaviacha vilivyo, maana mwanamume anayedhani wake zake wako vitani hutembea kwa adabu pande zote mbili za mpaka.

Barua zenyewe zilikuwa zinashushwa na programu hadi ndani ya kompyuta na kufutwa kule mtandaoni, kwa kuwa sanduku la shule lilikuwa dogo kama kiberiti. Siku Ndella alipostaafu, baada ya Founé kufa, sanduku likafungwa. Kwa hiyo duniani kote barua za Founé zilikuwa sehemu moja tu, na sehemu hiyo sasa ilikuwa katikati ya miguu yake, ndani ya mfuko wa kitambaa, betri inakaribia kukata. Chaja iliungua Jumanne umeme uliporudi kwa kishindo. Nyingine imeagizwa Dakar, itafika Jumamosi, Mungu akipenda na dereva akikumbuka.

— Mie nitakwambia zilipo, alisema Stesheni Masta. — Treni ni nini? Injini na mabehewa. Daktari kabadilisha injini. Mabehewa yako njia ya pembeni, yanasubiri kuunganishwa. Ndiyo maana wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Pembeni ya wapi, Racine?

— Shemeji, pembeni ni pembeni.

— Wacha kumdanganya mama wa watu na mabehewa yako, alidakia Profesa. — Barua pepe ni mwanga. Na mwanga haufi. Nilisoma hilo jambo kwenye gazeti la kisayansi.

— Gazeti gani?

— Nilikuwa kwa daktari wa meno, halikuwa na jalada. Unapotuma barua, inaingia kwenye waya chini ya bahari, inakwenda Brazili, inazunguka dunia. Dunia nayo inazunguka. Umenipata? Kwa hiyo barua zako zinapita hapo juu kila baada ya siku kadhaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani wapi, na Thiès haina hata mto? aliuliza Thierno, akichovya vikombe.

— Wewe koroga kahawa.

Daktari alikohoa. Hakupenda ugonjwa wake utibiwe na watu wasio na koti.

— Ngojeni niwape lugha rahisi. Mfumo mpya ni kama mke mpya. Ukimleta nyumbani, hataki kuona vyombo vya yule wa kwanza. Sufuria atatupa, pazia atachana. Barua za mama zilikuwa vyombo vya mke mkubwa. Huyu mpya kazificha kwa wivu.

— Eee! Stesheni Masta alipiga goti. — Hapo umenena. Mmoja Thiès, mmoja Kayes! Shemeji, unakumbuka vita vya sanduku? Birame alikuwa akikaa hapo, hapo alipokaa Profesa, anatuambia: mabwana, mimi nikifika Kayes nakula kwa kujilinda, nikirudi Thiès nakula kwa kujilinda. Na huyo wa Kayes, Mungu amsamehe, nasikia alikuwa na mdomo kama wembe!

Wote wakacheka. Ndella naye akacheka. Kicheko hicho alikuwa nacho miaka mingi, kimepigwa pasi, kinamkaa vizuri. Alikivaa kila lilipotajwa jina la Founé. Leo kilimbana kwapani.

— Sasa tufanye nini? aliuliza.

Afadhali angekiuliza kisima. Maana kijiwe kikisikia neno "tufanye" ndipo huchemka. Profesa alisema kompyuta ipandishwe darini, ielekezwe magharibi, usubiriwe upepo wa harmatani, kwa sababu vumbi la jangwani hubeba umeme, na umeme ukikutana na mwanga barua zitashuka zenyewe. Stesheni Masta akasema harmatani haihusiki: kama barua nyingi zilitoka nje ya nchi, basi kwa kosa la mitambo zimerudishwa mpakani Kidira, na pale bila karatasi yenye mhuri hata barua ya rais haivuki. Alikuwa anamjua mtu Kidira. Mtu huyo, ilibainika baada ya maswali mawili, alikuwa ameshakufa.

— Lakini ana mtoto, alisema Stesheni Masta.

— Mtoto anafanya kazi forodha?

— Anafuga mbuzi. Lakini pale pale Kidira.

— Jamani, jamani, Daktari alinyanyua mkono. — Siri ya mfumo ni kuudanganya. Nachukua ule mfumo wa zamani, naupiga tena juu ya huu mpya. Wa zamani ukiamka utaita vyombo vyake, vyombo vitaitika. Halafu napiga mpya juu yake. Tabaka tatu. Bandu bandu huisha gogo.

— Gogo likiisha si ndiyo hamna gogo? alisema Ndella.

— Mama, wewe niamini. Betri inatosha kuanza. Nipe sasa hivi.

Akanyoosha mkono kuuelekea ule mfuko. Ndella akautazama ule mkono, wenye saa iliyosimama saa saba na robo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akajisikia mzee. Angefanya nini? Angerudi nyumbani kukaa na mfuko? Miezi minane alikuwa akifungua barua moja kila usiku kabla ya kulala, bila kufuata mpangilio. Siku nyingine Founé alikuwa ana miaka arobaini, analaani mbu. Siku nyingine yuko kando ya kitanda cha Birame, aliyeugulia Kayes na kufia Kayes, anamwandikia Ndella kila jioni: leo amekula vijiko sita vya uji, leo ameuliza hali yako, nikamwambia bado unanichukia, akafurahi. Tangu wiki iliyopita, ndani ya chumba chake cha kulala hakuna sauti ya mtu. Mkono wake ukashika kamba ya mfuko. Ukaanza kuinua.

— Samahanini, sauti ilisema. — Leo ni siku ya ngapi tangu ipigwe windo?

Wote wakageuka. Mwishoni kabisa mwa taruma la pili palikuwa na mwanamke wa miaka ishirini na kitu, miwani, kikombe mkononi, ambaye hakuna aliyemwona akikaa. Gari alilokuja nalo lilikuwa juu ya jeki upande wa pili wa barabara, linazibwa pancha.

— Siku ya ngapi? Stesheni Masta alilirudia swali kama mtu aliyepewa noti asiyoijua. — Rahisi. Ilikuwa Jumatatu.

— Jumatatu ipi! Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nimetoka msikitini, alisema Profesa.

— Ijumaa kibanda kilikuwa kimefungwa, alisema Daktari. — Ilikuwa siku ile ya mazishi ya kaka yake Thierno.

— Sina kaka, alisema Thierno.

— Basi ya nani?

— Nyie, ilikuwa siku ile samaki waliadimika, mke wangu alipika wali na mayai... alisema Stesheni Masta.

— Siku hiyo ni jana!

Walibishana hivyo hadi kahawa ikapoa. Kijiwe kilichojua zilipo barua zilizokwenda Brazili hakikujua leo tarehe ngapi.

— Ni siku ya tisa, alisema Ndella.

Yule mwanamke akaweka kikombe chini.

— Una hakika, mama?

— Nimezihesabu.

— Na kuna mtu ameifungua kompyuta akaangalia ndani?

Stesheni Masta akachunguza kiatu chake. Profesa akamtazama Daktari, Daktari akautazama mlango wake.

— Nilikuwa nailinda betri, alisema Daktari.

Jina la yule mwanamke ni Oulimata Diatta, anatunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini Mbour, na hakuwa na maneno mengi. Alisema mfumo mpya, ukiwekwa bila kufuta diski nzima, haubomoi nyumba ya zamani. Unabeba kila kilichokuwamo, unakirundika katika stoo nyuma ya nyumba, unafunga mlango. Halafu, ikipita kama siku kumi, unaifagia stoo wenyewe, bila kumuuliza mtu. Na fundi akipiga windo jingine juu yake kabla ya hapo, ndiyo kuizika kabisa.

— Hilo nalijua, alisema Daktari.

— Ulilijua? aliuliza Profesa.

— Nilikuwa naelekea huko huko.

Ndella alikuwa anaangalia vidole vyake, ambavyo dakika moja iliyopita vilikuwa vinampa Daktari mfuko. Akaitoa kompyuta mfukoni, akaiweka juu ya mapaja ya yule mgeni. Ikawashwa. Betri: asilimia kumi na moja.

— Tungeweza kuitoa diski tukaichomeka kwenye mashine nyingine, alisema Oulimata, akigeuza kompyuta chini juu. — Nani kaila hii skrubu?

— Skrubu za Wachina, alisema Daktari.

Akaigeuza tena. Vidole vyake vilikwenda haraka, bila mbwembwe, kama vya mtu anayechambua mchele. Stoo ilikuwapo. Wanaume wakainuka wote kwa pamoja, wakajipanga nyuma yake kama wapiga picha. Ndani ya stoo palikuwa na chumba kilichofichwa, maandishi yake yamefifia. Ndani ya chumba, folda yenye jina la herufi zisizosomeka. Ndani yake, mafaili matatu makubwa yamelala kama mbwa mchana. Ndella alisoma majina yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Wizara. Watoto. Mapishi.

Aliyajua kama mtu anavyojua majina ya wanawe.

— Alhamdulillahi! alisema Stesheni Masta. — Niliwaambia. Njia ya pembeni!

— Tulia kwanza, baba, alisema Oulimata. — Betri asilimia tisa. Diski ya ndani imejaa. Nina flashi yangu hii tu, imebaki nafasi kidogo. Wizara na Watoto kwa pamoja zinaingia. Au Mapishi peke yake. Zote tatu haziingii. Na mkingoja hadi mpate chaja, siahidi kitu. Kesho stoo inaweza ikawa imefagiliwa.

Akamwangalia Ndella juu ya miwani.

— Mapishi gani haya, mama? Yana uzito kuliko mfumo wenyewe.

— Hapo hakuna hata mjadala, alisema Profesa. — Wizara kwanza. Hizo ndizo barua za utumishi wako, miaka yako yote ya kazi. Siku wakikuuliza pensheni utawaonyesha nini, kitunguu?

— Na Watoto, alisema Daktari. — Mwanao aliye ng'ambo, Nantes, barua zake za chuo zote si ziko humo? Mapishi mama, hata dada yangu atakupa. Mwanamke wa Kiserer kama wewe anahitaji kuandikiwa namna ya kupika?

— Mtani wangu kupika hajui, nimekula kwake, alisema Stesheni Masta. — Lakini wamesema kweli, shemeji. Acha mapishi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ile methali alikuwa ameitupa tu, kama wanavyotupa wote pale, bila kuangalia inaangukia wapi. Ndella aliiona ikianguka.

— Asilimia nane, alisema Oulimata.

— Chukua Mapishi.

— Shemeji!

— Chukua Mapishi, mwanangu.

Oulimata hakuuliza mara mbili. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, mwembamba, bila haraka yoyote. Nyuma yake wanaume walilipuka kwa pamoja: kwamba amechanganyikiwa, kwamba apozwe maji, kwamba wizara haina huruma, kwamba Nantes ni mbali.

— Wizara haijawahi kukosa karatasi, alisema Ndella. Alikuwa anausemesha ule mstari wa kijani. — Na wanangu wako hai. Walio hai wataandika tena.

— Na huyo wa mapishi?

— Huyo hataandika.

Stesheni Masta alicheka kidogo, akaacha, kisha akakaa chini. Mkata tiketi mzuri huwa anamjua abiria kabla hajaiona tiketi.

— Nani?

Ndella angeweza kusema shangazi. Angeweza kusema rafiki wa shule, na kijiwe kingetosheka, sitara ikabaki mahali pake. Ila alikuwa amechoka kucheka kicheko kile.

— Founé.

— Founé yupi?

— Founé wa Kayes, Racine. Unamjua mwingine? Miaka kumi na minne tulikuwa tunaandikiana. Hatukuwahi kugombana baada ya lile sanduku, na lile sanduku lenyewe alinirudishia, na kanga mbili ndani.

Hata Thierno aliacha kuosha vikombe. Barabarani pikipiki ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake.

— Birame alijua? aliuliza Stesheni Masta kwa sauti ndogo.

— Hata kidogo.

— Lakini alikuwa anakula kwa kujilinda...

— Tulikuwa tunapangiana atakula nini. Yeye alinitajia alichompikia, mimi nikabadilisha. Mnadhani aliishi na kisukari ile miaka yote kwa baraka?

Mabega yakaanza kumtikisika Stesheni Masta, akacheka hadi machozi, akapangusa uso kwa kofia yake, na alipomaliza kupangusa, machozi bado yalikuwa yanakuja na kicheko hakimo tena. Akaiacha kofia mapajani.

— Alikufa mwezi wa Ramadhani, alisema. — Tulisikia hapa. Mimi mwenyewe nilisema... Mungu anisamehe, sikumbuki hata nilichosema.

— Ulisema sasa mimi nitalala usingizi.

— Na wewe ulikuwapo?

— Nilikuwa nanunua mkate pale dukani.

Siku ile Ndella alirudi nyumbani na mkate wake. Siku ya tatu ya msiba hakuja mtu. Siku ya nane hakuja mtu. Jirani alimpungia mkono juu ya ukuta, uso umechangamka, kama anayempongeza. Nani ampe pole mwanamke aliyefiwa na adui yake?

Stesheni Masta alisimama. Hakuvaa tena kofia. Alimshika Ndella mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakumwita mtumwa wala shemeji.

— Ndella Faye. Inua kichwa.

— Nawe inua chako, Racine Kane, akajibu, maana hiyo ndiyo pole ya msiba kwao, na ndivyo inavyojibiwa.

Profesa akafuata, akafuta mikono kwenye kanzu kabla ya kumgusa. — Inua kichwa. Mungu amlaze pema, alisema. Kwa mara ya kwanza tangu muhula ule, hakuongeza maelezo. Kisha Daktari, koti lake limefungwa vifungo vyote. — Inua kichwa, mama. Na unisamehe mimi. Kisha Thierno, mikono imelowa. Walipanga foleni ya watu wanne mbele ya taruma la reli, na Ndella akamjibu kila mmoja, nawe inua chako, nawe inua chako, sauti yake inazidi kuwa ya kwake.

— Imeingia, alisema Oulimata. Kompyuta ikazimika papo hapo juu ya mapaja yake. Alichomoa flashi, akaifunga ndani ya kiganja cha Ndella, akakunja vidole vya mama yule kimoja kimoja. — Hii baki nayo, mama. Nitanunua nyingine.

Upande wa pili tairi lilikuwa limeshazibwa, dereva anamwita. Lakini hakuondoka. Alisimama nyuma ya Thierno kwenye ile foleni, akangoja zamu yake.

Mwanamke mmoja muuza karanga alikuwa anapita na beseni kichwani. Aliona watu wanapeana mikono kwa utaratibu ule, akasimama. Akalishusha beseni, akalitua juu ya tofali, akajifunika bega, akaja kushika mkono wa Ndella bila kuuliza, kwani msiba hauulizwi wa nani kabla ya kupewa pole.

— Inua kichwa, dada yangu.

— Nawe inua chako.

Hakuwa na haraka. Alikaa kwenye taruma karibu na Ndella, akaegemeza goti kwa goti.

— Na marehemu alikuwa nani yako? aliuliza.

Stesheni Masta akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Daktari. Wale waliokuwa na jibu la kila kitu wakamwachia hili mwenyewe.

Ndella akamsogelea yule muuza karanga, akaanza kumwambia.